Je, wajua kwa nini mwaloni wa Gambel hurudi mnene zaidi baada ya kuungua?

Mteremko wa milima ya Rocky huko Colorado au Utah, majimbo ya magharibi mwa Marekani, moto wa nyika ukishapita, hubaki na vijiti vyeusi, majivu na mawe. Wengi wakiuona husema vichaka vya mwaloni vimekufa: sasa ndege walete mbegu, miche iote, kizazi kipya kianze. Sivyo. Mwaloni uleule bado upo hai, na ukipata msimu mmoja tu wa kukua hutoa machipukizi mengi kuliko mashina yaliyoungua.

Tunakosea kwa sababu tumezoea kuhesabu shina moja kuwa mti mmoja. Kwa mwaloni wa Gambel, unaoota Colorado, Utah, Arizona na New Mexico, kichaka kizima chenye mashina mengi kinaweza kuwa mmea mmoja uliosambaa chini kwa chini. Kata shina uhesabu pete zake, utapata umri wa shina hilo tu; mmea wenyewe unaweza kuwa mkongwe kulishinda mara nyingi. Wanaodhani vichaka hivi ni msitu mchanga unaosubiri kurefuka nao wamepotea. Mahali pakavu mwaloni huu hubaki mfupi maisha yake yote, na huo ndio ukubwa wake wa utu uzima.

Mkulima wa migomba wa Bukoba au Moshi ataelewa upesi. Mgomba ukishazaa hukatwa, lakini tunguu limebaki udongoni, na kando yake mtoto na mjukuu wanangoja zamu. Mwaloni nao una vinundu vigumu na mashina yanayotambaa ardhini, vyote vimejaa macho yaliyolala. Tofauti ni kwamba mgomba hutoa watoto hata mama akiwa bado amesimama, ilhali macho mengi ya mwaloni huzuiwa kuchipua na homoni zinazoshuka kutoka ncha za matawi. Moto ukiziua ncha, kizuizi kinaondoka. Macho huamka kwa wingi, yakila wanga uliowekwa mizizini, na palipokuwa na shina moja huzuka fungu zima. Udongo ndio ngao: joto hupungua haraka sentimita chache tu chini ya majivu. Kufyeka kwa panga huleta matokeo yaleyale.

Katikati ya vichaka huota nyasi za mafungu, kama festuka ya Arizona, kila fungu limejitenga na jirani yake. Zikikauka huupitisha moto kutoka kichaka hadi kichaka, nazo huchipua tena kutoka kwenye vitako vyake. Inadhaniwa kwamba mifugo mingi ya karne ya 19 ilipozimaliza nyasi, moto ulipungua na mwaloni ukajitanua, ingawa hali hiyo haikuwa sawa kila mahali.

Kichaka kibichi nacho si kinga. Tarehe 6 Julai 1994, kwenye mlima Storm King karibu na Glenwood Springs, Colorado, wazimamoto 14 walikufa moto ulipopanda kwa kasi kupitia mialoni iliyokuwa na majani ya kijani.

Je, mbegu hazina kazi? Zinayo. Dubu, bata mzinga na kulungu huzila, na ndege huzifukia. Kusini, huko Arizona na New Mexico, mvua za Julai na Agosti huisaidia miche. Kaskazini mwa Utah kiangazi ni kikavu na baridi kali huchelewa kuisha, hivyo miche inayofika ukubwa ni michache mno, na mwaloni huendelea kwa kuchipua.

Huko kaskazini ndiko kuna jambo la ajabu kuliko yote. Walter Cottam, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Utah, na wenzake walieleza katika miaka ya 1950 juu ya mialoni chotara karibu na Salt Lake City. Mzazi mmoja ni mwaloni wa Gambel. Mzazi wa pili, mwaloni wa turbinela, leo huota mamia ya kilomita kusini zaidi. Maelezo yao ni kwamba turbinela ilifika huko maelfu ya miaka iliyopita, hali ya hewa ilipokuwa na joto zaidi, kisha baridi ikaiua. Chotara wakabaki kwa kuchipua tena na tena. Huo si ushahidi wa moja kwa moja, maana chavua ya mwaloni husafiri kwa upepo, lakini umbali huo unadhaniwa kuwa mrefu mno kwa chavua kufika ikiwa hai.