Kwa nini jiwe la kumbukumbu la wapenzi wa jinsia moja walioteswa na Hitler lilichelewa zaidi ya miaka 40?

Ukifika Rond-point Chukudu hapa Goma, Kivu, mashariki mwa Kongo, unaikuta sanamu ya yule mtu wa rangi ya dhahabu akisukuma chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mvua inyeshe au jua liwake. Siku moja tulipokuwa tukipita hapo na mpwa wangu, akanivuta shati: "Mjomba, ule muntu wa chukudu alifanyaka nini mpaka bakamutengenezea sanamu?"

Nikamwambia hakufanya jambo moja la kutangazwa redioni. Hakuwa jenerali wala mbunge, na wala hana jina. Amesimama kwa niaba ya wote wanaoteremsha makaa, mbao na viazi kutoka Kibumba, kandambili miguuni na roho mkononi, ili mji upate kula. Mtoto akafikiri kidogo, akasema: "Kumbe hata muntu wa kawaida anaweza kupata sanamu."

Anaweza. Lakini kuna watu wa kawaida ambao sanamu yao ilikawia mno, na kisa chao kimenikaa moyoni muda mrefu. Ni wanaume na wanawake wanaopenda watu wa jinsia yao, pamoja na wale ambao jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa siyo wanayoijua ndani yao. Najua kwetu neno hilo likitajwa mezani wengine huinuka. Ninayemzungumzia hapa ni mtu aliyefungwa na kupigwa bila kumdhuru yeyote, kisha akanyimwa hata haki ya kukumbukwa. Jambo hilo sisi watu wa Kivu tunaweza kulielewa bila mkalimani.

Tuanzie Ujerumani. Mwaka 1871 nchi hiyo iliweka katika sheria zake za jinai kifungu cha 175, kilichoadhibu mapenzi kati ya wanaume. Mwaka 1935 serikali ya Hitler ilikikaza, hata haikuhitajika tena kuthibitisha kwamba watu wawili waligusana. Wanaume wapatao 50,000 walihukumiwa chini ya utawala ule, na kati ya 5,000 na 15,000 wakapelekwa kwenye kambi za mateso. Kambini, wafungwa walishonewa pembetatu ya kitambaa kifuani, ncha ikitazama chini. Wafungwa wa siasa walivaa nyekundu, waliohesabiwa wahalifu walivaa ya kijani, na hawa walipewa ya waridi. Wanawake hawakutajwa katika kifungu hicho, ila wapo waliokamatwa kwa visingizio vingine.

Vita vikaisha mwaka 1945, malango ya kambi yakafunguliwa. Ungedhani mateso yao yaliishia hapo. Baadhi ya wenye pembetatu ya waridi walitolewa kambini na kupelekwa gerezani kumalizia kifungo, kwa sababu kwa macho ya sheria walikuwa bado wahalifu. Ujerumani Magharibi ilikiacha kifungu kile kama Hitler alivyokikaza, hadi mwaka 1969. Mwaka 1957 mahakama yake ya katiba ilisema hakipingani na katiba. Kilifutwa kabisa mwaka 1994. Hukumu za enzi ya Hitler bunge lilizibatilisha mwaka 2002, na zile za baada ya vita mwaka 2017.

Jibu la swali letu limo ndani ya tarehe hizo. Jiwe la kumbukumbu hubeba maneno mawili kwa pamoja: kwamba mtu huyu alionewa, na kwamba sisi tuliomwonea tulikosa. Serikali ambayo bado inamwita mtu mhalifu haiwezi kumjengea jiwe bila kujishtaki yenyewe. Na nyumbani vilevile. Kwetu, hata mwili ukipotelea vitani, watu hukaa kilio, wanamtaja marehemu, jirani analeta sukari na kuni. Lakini familia inayoona aibu haikai kilio. Ulimi unalimeza jina. Basi wafu hawa walikosa wa kuwalilia kwa sauti, na aliyetoka hai hakuthubutu kusema alikotoka.

Waliokivunja kimya hicho walianza na maua. Kila tarehe 4 Mei, Waholanzi huwakumbuka wafu wao wa vita katika uwanja wa Dam mjini Amsterdam. Mwaka 1970 vijana kadhaa walikwenda na shada lao kwa ajili ya wapenzi wa jinsia moja waliouawa na kuteswa. Polisi wakawakamata. Hebu fikiria, kukamatwa kwa sababu ya maua ya marehemu!

Mwaka 1979 wakaanza kudai mahali pao wenyewe. Kazi kama hiyo huenda polepole kuliko watu wanavyodhani: kuunda kamati, kuomba kiwanja kwa jiji, kuitisha shindano la michoro, kuchangisha fedha, kisha kugonga milango ya serikali ili iongezee. Mchoro uliochaguliwa ni wa Karin Daan, na mnara, uitwao Homomonument, ulifunguliwa tarehe 5 Septemba 1987. Kabla yake kulikuwa na kibao kilichowekwa mwaka 1984 katika kambi ya zamani ya Mauthausen, Austria. Huu wa Amsterdam uko katikati ya mji, mahali watu wanapopita wakienda kazini.

Nampenda sana aliyeufikiria. Hakuchonga mtu. Alichukua ile pembetatu ya aibu na kuilaza ardhini kwa graniti ya waridi, mara tatu, na zote tatu zikiunganishwa kwa macho zinafanya pembetatu moja kubwa yenye pande za mita 36. Moja iko sawa na barabara, unaikanyaga bila kujua. Ya pili imeinuliwa, watu hukaa juu yake. Ya tatu ni ngazi zinazoshuka hadi kwenye maji ya mfereji, na hapo ndipo maua huwekwa. Ncha moja inaelekea uwanja wa Dam, palepale walipokamatwa wale vijana. Nyingine inaelekea nyumba alimojificha Anne Frank, msichana wa Kiyahudi, asikamatwe na watu wa Hitler. Kwa hiyo ukisimama hapo, mawe yenyewe yanakuonyesha kwamba maumivu ya hawa na ya wale yalitoka mkono mmoja.

Berlin ilichelewa zaidi. Bunge liliridhia mwaka 2003, na tarehe 27 Mei 2008 mnara ukafunguliwa: bongebonge la zege lenye dirisha dogo, na ukichungulia unaona filamu ya watu wawili wakibusiana. Miezi michache baadaye, Agosti, kuna waliokuja usiku wakavunja dirisha. Likatengenezwa. Siku ya ufunguzi waandalizi waliamini kwamba hakuna hata mmoja wa waliovaa pembetatu ile aliyebaki hai.

Alikuwepo. Rudolf Brazda, fundi wa mapaa, alifungwa katika kambi ya Buchenwald tangu mwaka 1942 hadi 1945, na baada ya vita akahamia Alsace, mashariki mwa Ufaransa. Aliishi huko miaka yote hiyo bila dunia kumjua. Akasikia kwenye habari kwamba Berlin imefungua mnara, akajitokeza. Tarehe 27 Juni 2008, siku moja baada ya kutimiza miaka 95, alikuwa amesimama mbele yake. Alifariki mwaka 2011. Kila ninapoulizwa zege linamsaidia nani, namfikiria mzee huyo. Zege lilimwita, akaitika.

Nchi nyingine zilifuata kwa makosa yao wenyewe. Kanada iliwafukuza watu kama hawa jeshini, polisi na serikalini tangu miaka ya 1950 hadi ya 1990. Waziri mkuu aliomba radhi mwaka 2017, na sehemu ya fedha za fidia ikatengwa kwa mnara mjini Ottawa. Uingereza, iliyowafukuza wanajeshi wake wapenzi wa jinsia moja hadi mwaka 2000, sasa ina mnara wenye umbo la karatasi ya shaba iliyokunjwakunjwa, yenye maneno ya barua za watu, kwa sababu barua za mapenzi ndizo zilizotumika kama ushahidi.

Na kwetu? Kongo haina kifungu kinachotaja mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa, ingawa katiba ya 2006, katika kifungu cha 40, inaizungumzia ndoa ya watu wa jinsia tofauti tu. Hata hivyo, wapo vijana wanaofukuzwa nyumbani hapa mjini, wakilala kwa rafiki huyu leo na kwa yule kesho. Sidhani jiwe ndilo wanalolihitaji kwanza. Wanahitaji mlango ambao haujafungwa, na mama anayetaja jina lao mbele ya majirani.

Nilipomsimulia mpwa wangu habari za mzee Brazda, alitaka kujua kitu kimoja tu: je, alilikuta jina lake limeandikwa pale? Nikamwambia hapana. Pale Berlin hakuna jina la mtu. Akageuka kumtazama tena yule wa chukudu.