Ziwa liko upande gani? Kumfundisha mtoto ramani hapa Mwanza

Muulize mtoto wa darasa la nne hapa mjini Ziwa Victoria liko upande gani, wengi watakujibu kaskazini, kwa sababu kwenye ramani ya Tanzania pale ukutani Mwanza iko chini ya ziwa. Sasa mpeleke feri ya Kamanga jioni aone jua linakozama. Linazama upande wa majini! Yaani hapo ziwa liko magharibi, maana Ghuba ya Mwanza imeingia kuelekea kusini na mji wetu umekaa ukingo wake wa mashariki, na mtoto akiligundua hilo mwenyewe hasahau.

Ndo maana mi kwenye jiografia sianzi na ramani ya ukutani. Ile ni ya nchi nzima, mtoto hajawahi kuiona nchi nzima kwa macho, anachobaki nacho ni kukariri kwamba kaskazini ni "juu". Anza na uwanja wa shule, na ramani ya kwanza ichorwe chini kwenye mchanga, kaskazini ya ramani ielekee kaskazini yenyewe.

Dira hamna? Simika kijiti wima, saa sita mchana weka kijiwe kwenye ncha ya kivuli, saa saba weka kingine. Toka kijiwe cha kwanza kwenda cha pili ndo mashariki. Ila tafadhali walimu wenzangu, msiwaambie watoto kivuli cha mchana siku zote kinaelekea upande mmoja, sisi tuko karibu sana na Ikweta, mwezi wa sita jua la mchana linakuwa kaskazini kwetu na kivuli kinalala kusini, mwezi wa kumi na mbili inageuka.

Skeli, yaani umbali wa kwenye ramani ni sawa na umbali gani ardhini, ifundishwe kwa miguu. Mtoto atembee toka mlangoni mpaka bombani akihesabu hatua, kisha kwenye daftari la hesabu lenye viboksi kila kiboksi kiwe hatua tano, basi. Alama wabuni wenyewe, mradi ziwe kwenye ufunguo, ile orodha ya pembeni ya ramani inayoeleza maana ya kila alama. Wakubwa ndo uwape ramani ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1, kwa hiyo daraja la Kigongo–Busisi linalovuka Ghuba ya Mwanza, lenye kama kilomita 3, linachukua sentimita 6 hivi. Kwenye ramani za zamani hawalioni, lilifunguliwa 2025, kwa hiyo wazoee kutazama mwaka wa ramani kabla ya kuiamini.

Kontua nazo, ile mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, zinaogopwa bure na mawe tunayo kila kona. Weka jiwe kwenye beseni, mimina maji kidogo, chora kwa chaki pale maji yalipogusa jiwe, ongeza maji kwa kimo kilekile, chora tena. Halafu liangalieni kutoka juu: penye mteremko mkali mistari imebanana.

Kupima kama wameelewa sitoi mtihani wa kuandika. Kundi moja linaficha kitu uwanjani na kuchora ramani, kundi lingine linatafuta bila kuuliza. Wasipokipata, waliochora na waliotafuta wanakaa pamoja na ile karatasi mpaka waone ni wapi ilipotosha, wanaichora upya, inapewa kundi la tatu.