Dawa moja kushindwa si kifafa sugu
Huku Mbeya tunasikia sana: "Dawa za hospitali zimegoma, mpelekeni kwa mganga." Hapana, jamani. Kifafa huitwa sugu pale dawa mbili zinazofaa aina yake, kwa dozi ya kutosha na zikimezwa bila kuruka siku, zinaposhindwa kukizuia. Aina ndiyo kiini. Mtoto anayeduwaa sekunde chache, tonge mkononi, kisha akaendelea kula kama hakuna kitu, naye ana aina ya kifafa; akipewa kabamazepini, dawa ya aina nyingine za kifafa, hali inaweza kuzidi. Kwa hiyo mrekodi kwa simu, daktari aone mwenyewe kabla ya kubadilisha dawa. Msimwachishe dawa ghafla: anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka. Na kikiwa sugu kweli, wapo wanaosaidiwa na upasuaji wa ubongo.