Ramban hakuitafuta sayansi ndani ya Torati

Dhana inayochosha kuliko zote ni hii: eti wanazuoni wa Kiyahudi wa zama za kati waliichambua Torati ili waonyeshe kwamba sayansi ilikuwemo humo tangu zamani. Mambo yalikuwa kinyume kabisa. Kwao elimu ya maumbile ilikuwa kipimo: fasiri isiyopatana na kinachoonekana kwa macho inaachwa, na aya inasomwa upya.

Chukua upinde wa mvua, Mwanzo 9. Ukisoma juujuu utadhani Mungu aliuumba baada ya gharika. Ramban, yaani rabi Moses ben Nahman wa Girona, Hispania (1194–1270), anaandika kwamba hatuna budi kuwakubali Wayunani: upinde hutokana na jua kupiga hewa yenye unyevu, kwani hata chombo cha maji kikiwekwa juani huonyesha mfano wake. Basi ulikuwepo kabla ya Nuhu. Ndipo anairudia aya na kukagua kitenzi. Kwa Kiebrania kimeandikwa *natati*, "nimeuweka", si *noten*, "nauweka". Tena ni "upinde wangu", ule niliokuwa nao tangu hapo. Kipya ni agano tu.

Biblia yetu ya Union inasema "nauweka", kwa hiyo anayesoma Kiswahili peke yake hoja yote inampita. Tafadhali, fungua Kiebrania kwanza, hata kama ni kwa kamusi, kabla ya kutangaza "muujiza wa kisayansi". Mpangilio wa Ramban ni chombo cha maji, halafu sarufi, halafu maana. Ukiupindua, humsomi tena Ramban.

Na Ramban si Rambam. Rambam ni Maimonides (1138–1204), tabibu aliyezaliwa Córdoba na kufia Misri. Yeye alilifasiri "giza" la Mwanzo 1:2 kuwa ni moto wa asili, mmoja wa elementi nne za Aristotle. Fizikia hiyo imekwisha kufa, kwa hiyo msimgeuze nabii wa maabara.

"Mianga miwili mikubwa" ya Mwanzo 1:16, yaani jua na mwezi, nayo haikuwapita wanazuoni hao. Ibn Ezra, mfasiri wa Kiyahudi wa karne ya 12, alijua wanafalaki wanasema Mshtarii (sayari ya Jupita) ni mkubwa kuliko mwezi. Akajibu kwamba ukubwa unaotajwa ni wa nuru, si wa umbo.

Kwamba marabi waliharamisha sayansi? Marufuku ya marabi wa Barcelona ya 1305, dhidi ya kusoma vitabu vya falsafa na sayansi vya Wayunani, ilikuwa ya miaka 50, iliwahusu walio chini ya miaka 25, na utabibu haukuguswa.