Disketi ya CAD siyo sosi kodi

Kila zikitajwa programu za zamani za CAD, zile za kuchorea kwa kompyuta, lazima atokee mtu aseme "sosi kodi ipo bwana, mi ninayo kwenye disketi na inafunguka vizuri tu". Jamani. Sosi kodi ni yale maandishi aliyoyaandika programa mwenyewe, kwa lugha ya kompyuta kama Fortran au C au yoyote, ambayo mtu mwingine anaweza kuyasoma na kuyarekebisha, basi. Kilichopo kwenye disketi yako ni kile kilichotoka baada ya kompaila, yaani programu ya kutafsiri, kuyageuza yawe ya mashine.

Na kwenye kugeuza ndo kuna hasara, manake kompaila inatupa komenti zote, yale maelezo programa anayojiandikia pembeni ya kodi, na mara nyingi hata majina aliyoyachagua programa, haina kazi nayo. Sasa kwenye CAD hiyo inauma kweli, kompyuta haishiki desimali zote, kwa hiyo lazima programu iwe na kiwango cha kuamua kwamba nukta hizi mbili zimekaribiana vya kutosha zihesabiwe moja. Ukichimba sana hiyo namba utaikuta, ila kwa nini ni hiyo na siyo ndogo zaidi, nani aliigusa na baada ya mchoro gani kugoma, hayo hamna. Hata ukiiwasha kwenye emuleta, ile programu ya kuigiza kompyuta ya zamani, mpaka kesho.

Angalia BRL-CAD, programu mojawapo ya CAD za zamani. Mike Muuss (ndo huyohuyo aliyeandika ping, ile programu ya kupima kama kompyuta nyingine inajibu kwenye mtandao) aliianza 1979 kwenye maabara ya jeshi la Marekani, na kumbukumbu za mabadiliko ya kodi yake zinaanzia Aprili 1983, na tangu Desemba 2004 iko wazi kwa yeyote. Yaani unachukua mstari mmoja unaangalia uliingia lini, ukabadilishwa lini. Ndo maana hata yule mwenye zipu, yaani faili lililobanwa, ya toleo la mwisho peke yake, ingawa ndani ni sosi kodi halali kabisa, mi naona kahifadhi nusu, ile safari ya kufika hapo kaiacha.

Hiyo disketi usiitupe lakini, fanya kopi mapema kabla haijagoma kusomeka. Ukiulizwa tu sema una programu, sosi kodi kamuulize aliyeiandika kama bado anayo.