Daftari likisomwa hadharani

Ninapoitwa kuijengea uwezo asasi ya kiraia, karatasi ya kwanza ninayokabidhiwa huwa ni mpango mkakati. Una dira, dhima, malengo na jedwali refu la viashiria. Huushukuru, nikauweka pembeni, kisha naomba karatasi nyingine: orodha ya wanachama na michango waliyotoa mwaka huu. Mara nyingi orodha hiyo haipo. Kazi yangu huanzia hapo.

Tangu miaka ya 1990 fedha nyingi zimepelekwa katika nchi zinazoendelea kwa jina la utawala bora na uimarishaji wa asasi. Sehemu kubwa imeimarisha ofisi: kompyuta, gari, warsha, ripoti za robo mwaka. Sivibezi vitu hivyo, kwa sababu asasi isiyo na mhasibu haifiki mbali. Lakini kiongozi wa umma hawajibiki kwa sababu asasi ina ofisi nzuri. Huwajibika pale mwananchi anapojua ni kiasi gani kilitolewa, anapoona kwa macho yake kilichofika, na anapokuwa na mahali pa kuuliza ambapo mtu analazimika kumjibu. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo vitatu, viwili vinavyobaki hupwaya.

Mfano ninaoutumia katika kila mafunzo unatoka Rajasthan, India. Mwaka 1990 vibarua na wakulima wa huko waliunda umoja wao, Mazdoor Kisan Shakti Sangathan, pamoja na Aruna Roy, aliyekuwa ameacha kazi yake katika utumishi wa serikali, na wenzake Nikhil Dey na Shankar Singh. Kero yao ilikuwa ya mkate wa kila siku. Watu walifanya kazi za umma, wakachimba na kubeba mawe, halafu wakalipwa chini ya kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na sheria. Walipolalamika waliambiwa kwamba madaftari yanaonyesha hawakumaliza kazi waliyopangiwa. Wakaomba kuyaona madaftari hayo. Wakaambiwa ni siri ya serikali, kwa nguvu ya sheria ya usiri iliyotungwa enzi za ukoloni mwaka 1923.

Desemba 1994, katika kijiji cha Kot Kirana, umoja huo uliitisha kikao cha kwanza cha hadhara, walichokiita jan sunwai. Nakala za orodha za malipo na stakabadhi zilizopatikana zilisomwa kwa sauti mbele ya watu. Vikao vya namna hiyo viliendelea vijiji vingine, na utaratibu wake ulikuwa mwepesi: jina linatajwa, idadi ya siku inatajwa, kiasi kinatajwa, kisha mwenye jina anasimama. Huyu anasema hakukanyaga pale. Yule anasema alilipwa pungufu ya kilichoandikwa. Yalikuwemo hata majina ya watu waliokwisha kufariki. Wengi waliohudhuria hawakujua kusoma, na hilo halikuwapunguzia chochote. Mtu asiyejua kusoma anajua vizuri sana kama alifanya kazi siku sita au kumi na mbili, na anajua kama jirani yake yu hai.

Mwaka 1996 walikaa barabarani katika mji wa Beawar kwa siku 40 wakidai haki ya kupata nakala za nyaraka hizo. Kaulimbiu yao ilikuwa „Hamara paisa, hamara hisaab‟, yaani pesa zetu, hesabu zetu. Rajasthan ilitunga sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2000, na India nzima ikapata yake mwaka 2005. Wanaoandika miradi naomba wautazame mfuatano huo kwa makini. Ujira ulitangulia, daftari likafuata, kikao kikafuata, na sheria ya nchi nzima ikaja baada ya miaka 15, ikiwa na maelfu ya watu waliokwishajua wataitumia kwa kazi gani. Miradi mingi niliyoipitia ilianza na rasimu ya sheria katika ukumbi wa mji mkuu, ikamaliza fedha kabla ya kumfikia kibarua hata mmoja.

Jambo la pili kuhusu umoja ule: waliamua kuishi kwa michango ya watu binafsi, bila fedha za taasisi. Sidhani kila asasi inaweza kufanya hivyo, wala siishurutishi. Lakini uamuzi huo ulimaanisha kwamba hakuna mtu wa mbali aliyeweza kuwaambia swali lipi waache kuliuliza.

Uganda inatufundisha jambo lingine. Uchunguzi wa mtiririko wa fedha uliofanywa huko uligundua kuwa kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilipata kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotengewa kwa matumizi yasiyo ya mishahara. Shule nyingi hazikupata kitu. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kinachotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika walichopokea. Kufikia 2001 wastani ulikuwa umepanda kupita asilimia 80. Habari hii husimuliwa kana kwamba gazeti peke yake lilifanya kazi yote, na mimi nilikuwa nikiisimulia hivyo. Siku hizi nasema zaidi: kipindi hicho hicho Uganda ilianzisha elimu ya msingi kwa wote, mwaka 1997, na serikali yenyewe ilikuwa ikibadilisha namna ya kutuma na kusimamia ruzuku. Tangazo liliwakuta watu wa juu wanaotaka fedha zifike na wazazi wa chini wenye sababu ya kuulizia.

Bila pande hizo mbili, tangazo hubaki karatasi. Nimewahi kutembelea shule ambayo taarifa ya mapato na matumizi ilibandikwa kama mwongozo unavyotaka, ila ilikuwa ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu, kwenye ukuta unaozibwa na mlango ukifunguliwa. Nilimwomba mzazi mmoja aisome. Alisoma jumla, akafika kwenye „ruzuku ya uendeshaji‟ akanyamaza. Tukachukua kalamu, tukaigawanya jumla ile kwa idadi ya wanafunzi. Alipoona kiasi cha mtoto mmoja aliuliza papo hapo: „Sasa chaki tunachangishwa za nini?‟ Nililiandika swali lile neno kwa neno kwenye daftari langu. Mgawanyo ule ulichukua dakika mbili, na tangu siku hiyo sijawahi kufundisha uchambuzi wa bajeti kwa namna nyingine.

Lazima pia niseme kuhusu Indonesia, kwa sababu sisi tunaoamini ushirikishwaji wa wananchi tunahitaji kuusikia ushahidi usiotupendeza. Mtafiti Benjamin Olken alifuatilia ujenzi wa barabara katika vijiji zaidi ya 600, matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Hakuridhika na stakabadhi. Baada ya ujenzi, wahandisi walichimba vishimo barabarani wakatoa sampuli na kupima ni mawe na mchanga kiasi gani uliwekwa kweli, kisha wakalinganisha na kilichoandikwa. Vijiji vilivyoambiwa mapema kwamba vitakaguliwa na wakaguzi wa serikali vilipunguza upotevu kwa takriban pointi nane za asilimia. Vile ambavyo wananchi walialikwa kwa wingi kwenye vikao vya uwajibikaji havikuonyesha tofauti kubwa kwa ujumla.

Undani wake ndio wenye faida. Kwenye vikao, wizi wa ujira ulipungua, kwa sababu kila kibarua anajua alichotia mfukoni. Upande wa vifaa, upotevu haukupungua. Hakuna mwanakijiji anayeweza kukitazama kifusi barabarani akajua unene wa tabaka lake. Kwa hiyo ukipanga ufuatiliaji, waachie wananchi kile wanachoweza kukihesabu wenyewe: siku za kazi, vitabu, dawa rafuni, daktari kuwepo au kutokuwepo. Kwa unene wa lami, watafutie mhandisi na mkaguzi, kisha hakikisha ripoti yake inarudi kwenye kikao chao. Asasi yenye nguvu ninayoiona mimi ndiyo ile inayowaunganisha watu hao wawili.

Haya yote huhitaji nafasi ya kufanyika, na nafasi hiyo hufungwa kwa kalamu. Ethiopia ilitunga sheria mwaka 2009 iliyozikataza asasi zinazopata zaidi ya asilimia 10 ya fedha zake kutoka nje kufanya kazi za haki za binadamu na utawala. Nyingi zilihamia kwenye huduma za jamii, nyingine zikapungua hadi kutoonekana. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 2019. Niliyapinga masharti yale na ningeyapinga tena popote. Hata hivyo yalitugusa penye kidonda, maana asasi ambayo fedha zake zote zina chanzo kimoja huweza kunyamazishwa kwa kifungu kimoja, na ikinyamazishwa, walio wake ndio pekee watakaoitetea. Walio wake ni akina nani?

Ndiyo maana naomba ile orodha ya wanachama. Na ndiyo maana, kabla ya kwenda kumdai mtendaji yeyote hesabu, asasi ninayofanya nayo kazi huitisha kikao chake yenyewe na kusoma hesabu zake: fedha za mfadhili, mishahara, posho za safari, mafuta ya gari. Viongozi wengi hulikataa jambo hili mara ya kwanza. Katika kikao kimoja mweka hazina alisoma mstari wa posho, mama mmoja wa safu ya nyuma akaomba arudie. Akarudia. Mama akauliza safari ile ilikuwa ya siku ngapi. Mweka hazina alifungua faili, akatafuta, akamjibu: siku tatu. Wakaendelea na mstari uliofuata.