Inesha ya mzunguko si kilo wala kimo

Mtelezaji mrefu akianguka kwenye mruko mgumu, watangazaji wa kuteleza kwa sanaa kwenye barafu wana maelezo yaliyo tayari: inesha yake ni kubwa kwa sababu ni mrefu. Kauli hiyo ikifika mazoezini hubadilika sura, na binti aliyerefuka ghafla akiwa na miaka 15 huambiwa apunguze kilo. Zote mbili zinapotosha, na hiyo ya pili inaumiza watoto.

Inesha ya mzunguko ni ukinzani wa kitu dhidi ya kubadilishwa kasi yake ya kuzunguka. Inategemea masi na umbali wa masi hiyo kutoka kwenye mhimili, yaani mstari ambao kitu hukizunguka, na umbali huo huzidishwa kwa wenyewe. Kilo moja iliyo sentimita 30 kutoka kwenye mhimili ina inesha mara nne ya kilo hiyo hiyo ikiwa sentimita 15.

Sasa tazama mhimili wenyewe uko wapi. Mtelezaji akiwa angani, mhimili unapita kutoka utosini hadi nyayoni, na kimo chake kimelala sambamba nao. Chukua mchi wa kinu, uusimamishe kati ya viganja na kuuzungusha: unazunguka kwa urahisi, hata ukiwa mrefu. Ushike katikati na kuuzungusha kwa upana, ndipo utakapoona kazi. Mchi ni ule ule. Kilichobadilika ni umbali wa mti kutoka kwenye mhimili.

Hesabu inaonyesha vizuri zaidi. Linganisha mtu wa mita 1.55 na wa mita 1.75. Kama huyo wa pili amerefuka tu bila kupanuka, inesha yake inaongezeka kwa asilimia 13 hivi, kwa sababu ya masi iliyoongezeka. Lakini kama amekua pande zote kwa uwiano ule ule, mabega, nyonga, mapaja na kifua, inesha inaongezeka kwa zaidi ya asilimia 80. Kimo kimeongezeka sawa kwa wote wawili. Kilichotofautisha ni upana, na binadamu halisi huangukia mahali fulani kati ya hao wawili. Ndiyo maana kuwaweka watelezaji wote warefu kwenye kapu moja ni kosa.

Evan Lysacek, Mmarekani mwenye kimo cha mita 1.88, hutajwa sana kama ushahidi kwamba mrefu hawezi miruko migumu, kwa kuwa alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya Vancouver 2010 bila mruko wa mizunguko minne. Wanaomtaja husahau kwamba mwaka 2007, kwenye mashindano ya taifa ya Marekani, alishatua tou lupu (mruko unaoanza kwa kuchoma barafu kwa ncha ya kiatu) ya mizunguko minne na kuiunganisha na ya mizunguko mitatu. Carolina Kostner wa Italia, bingwa wa dunia wa 2012, ana mita 1.69, na miruko yake ilijulikana kwa kwenda juu na mbali.

Muda wa angani nao haubagui kimo. Anayenyanyuka sentimita 50 hukaa juu sekunde 0.64, awe mfupi au mrefu. Ndani ya muda huo mizunguko minne inadai zaidi ya mizunguko 5 kwa sekunde, na momenta ya mzunguko, yaani inesha ikizidishwa kwa kasi ya kuzunguka, haiongezwi ukishaondoka kwenye barafu. Unachoweza kufanya juu ni kupunguza inesha tu, yaani kufunga: kuvuta mikono na miguu karibu na mhimili. Hapa mikono mirefu ina faida ambayo haisemwi: ikiwa wazi wakati wa kuruka hubeba momenta nyingi, na ikifunguliwa kabla ya kutua hupunguza kasi ya mzunguko vizuri.

Tatizo la kweli la mwenye viungo virefu liko kwenye njia ya kutoka wazi hadi kufunga. Mkono una safari ndefu zaidi. Tuseme tofauti ya kasi kati ya mwili ulio wazi na uliofungwa ni mizunguko 3 kwa sekunde: akichelewa kufunga kwa sehemu ya kumi ya sekunde, anapungukiwa na mizunguko 0.3. Upungufu unaozidi robo ya mzunguko, ukiwa bado haujafika nusu, huuacha mruko na asilimia 80 tu ya thamani yake ya msingi, yaani alama zake za kuanzia. Akiogopa kuchelewa, anaanza kufunga kabla ncha ya kisu, yaani chuma cha chini ya kiatu, haijaachana na barafu, na hilo ni baya zaidi: momenta inakuwa haijakamilika na mruko unakuwa mfupi.

Tatizo la pili ni mhimili kuinama. Kwa mwinamo wa nyuzi 5, kitovu cha uzito kilicho mita 1 juu ya barafu kinahama sentimita 8.7; kilicho sentimita 85 kinahama 7.4. Mrefu anapata nafasi ndogo ya kusamehewa.

Kwa anayezunguka kinyume cha saa, marekebisho yanaanzia kwenye kuzunguka mahali pamoja kwa mguu wa kulia, ule anaotua nao: nyonga ya kulia juu ya kisu, vifundo vimepishana, ngumi katikati ya kifua, viwiko vimeshuka hadi kwenye mbavu. Viwiko ndivyo vinavyosahaulika. Ngumi inaweza kuwa kifuani huku kiwiko kimetanuka pembeni, na mtelezaji akaamini amefunga. Mkao huo ufanywe sakafuni, kisha kwa mkanda wa kuning'inizia, unaomshikilia mtelezaji anaporuka, ndipo mzunguko uongezwe. Kiuno kikikunjwa angani, mapaja yanatoka kwenye mhimili na kazi yote ya mikono inapotea.

Tangu msimu wa 2024/25 umri wa chini kwa mashindano ya kimataifa ya wakubwa ni miaka 17, hivyo wengi watafika huko wakiwa wameshamaliza kurefuka kwa kasi. Binti aliyerefuka anahitaji kupimwa upya muda wa kufunga na mahali pa nyonga yake, si kunyimwa chakula. Na mtangazaji anayependa neno inesha asiliache. Alitumie tu anapoona viwiko vimetanuka au kiuno kimekunjika, kwa mrefu na kwa mfupi.